Rangi Haishiki, Inachuja, Inatoka Mabaka: Utatuzi wa Matatizo ya Kutia na Kuchapa Rangi Mazulia ya Nailoni, Poliesta na Akriliki

Malalamiko ya mafundi wa mazulia yanafanana sana. Rangi imegoma kushika. Imeshika lakini haikukolea. Imetoka mabaka. Mteja amefua mara moja tu na maji yamekuwa mekundu. Wa kwanza kulaumiwa huwa muuza rangi: “nimeuziwa feki.” Rangi feki zipo, hilo halina ubishi, ila ukilifuatilia tatizo hadi chanzo chake, mara nyingi utakuta limeanzia kwenye uzi ambao fundi hakuujua, maji ambayo hakuyapima, au joto alilolikisia kwa macho. Kwa hiyo kabla ya kununua rangi nyingine, pitia dalili iliyo mbele yako hapa chini, ukianza na sababu ya kwanza na kushuka. Nimezipanga kuanzia inayotokea mara nyingi zaidi.

Uwe na kipimajoto, mizani inayosoma gramu, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi au magadi kwenye maji) na ndoo nyeupe. Sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe, hata ikioshwa vipi.

HUO NI UZI GANI?

Swali hili linatangulia dalili zote, kwa sababu hakuna rangi moja inayoshika kila uzi. Nailoni hutaka rangi za asidi. Akriliki hutaka rangi za kationiki, yaani zenye chaji chanya. Poliesta hutaka rangi za disperisi, yaani zinazotawanyika majini bila kuyeyuka, na joto la 130°C. Polipropilini haipokei rangi ya kwenye sufuria hata kidogo. Yake huchanganywa na plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla uzi haujavutwa. Gaziantep, mji wa Uturuki unaosifika kwa mazulia ya mashine, hutumia polipropilini kwa wingi, na mazulia ya aina hiyo yamejaa madukani kwetu. Ndiyo maana fundi anaweza kuchemsha kutwa nzima na uzi ukatoka vile vile ulivyoingia.

Jaribio la maji ndilo la kuanzia. Kata nyuzi chache za juu ya zulia, usichukue za mgongoni kwa kuwa mgongo mara nyingi ni polipropilini au juti hata kama juu ni nailoni. Tia tone la sabuni ya maji kwenye glasi, zamisha nyuzi na uziminye kwa vidole ndani ya maji hadi vipovu viishe. Ziachie. Polipropilini hupanda juu kila unapoizamisha, kwa sababu uzito wake ni kama gramu 0.91 tu kwa sentimita moja ya ujazo. Nailoni (1.14) na poliesta (1.38) huzama.

Kilichozama kijaribu kwa moto, nje, kwenye upepo, ukikishika kwa koleo juu ya ndoo ya maji. Nailoni huyeyuka, hudondoka, na harufu yake inakumbusha seleri. Poliesta hutoa moshi mweusi wenye harufu ya utamutamu. Akriliki hushika moto haraka, hutoa masizi, na huacha donge jeusi linalopondeka kwa vidole likipoa. Usisogeze pua kwenye moshi. Wa akriliki una sumu ya sianidi, na harufu ya kutosha itakufikia ulipo. Matone yaliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali.

RANGI HAISHIKI KABISA

Kama uzi umeelea, umeshapata jibu: rudisha kazi, au mshauri mteja anunue uzi uliotiwa rangi kiwandani.

Kama umezama, sababu inayofuata ni rangi isiyo ya uzi huo. Wanaotoka kwenye batiki hukwama hapa sana. Rangi zile za haidrosi (unga wa sodiamu haidrosalfaiti) na kostiki soda zimetengenezwa kwa ajili ya pamba, na kwenye poliesta hazina kazi. Rangi za asidi nazo hazishiki poliesta kwa sababu hakuna kitu ndani ya uzi huo cha kuzishika. Nailoni ina ncha za amini zinazovuta rangi ya asidi; poliesta haina.

Halafu angalia joto. Nailoni hufunguka vizuri inapokaribia kuchemka. Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hayalisemi: maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Dar es Salaam na Mombasa yanachemka kwenye 100°C. Nairobi, iliyo mita karibu 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwenye 94°C hivi, na Arusha kati ya hizo mbili. Maelekezo yakisema “98°C kwa dakika 30,” fundi wa Nairobi hataifikia 98 kwenye sufuria ya wazi, kuni aongeze asiongeze. Afunike na azidishe muda, dakika 45 hadi saa nzima. Wanaotia rangi akriliki ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu uzi huo hupokea rangi karibu yote ndani ya nyuzi joto chache za mwisho.

Poliesta ya kawaida ni kisa kingine. Imesongamana mno, kwenye 100°C hupokea rangi kidogo na juujuu. Viwandani hutiwa rangi kwenye mitungi iliyofungwa, kwa 130°C, na shinikizo la ndani hufika karibu mara 2.7 ya hewa ya kawaida. Kuna kemikali za kubeba rangi zinazowezesha kazi hiyo kwenye sufuria ya wazi, lakini nyingi zina mvuke unaodhuru na harufu isiyotoka kwenye zulia kwa miezi. Siwashauri. Ukitaka poliesta ya kutia rangi kwa kuchemsha tu, ulizia aina iitwayo PTT, inayouzwa kama triexta. Hiyo hupokea rangi za disperisi kwenye 100°C.

Simama hapa: usijaribu kufikia 130°C kwa jiko la presha la nyumbani, pipa lililochomelewa au tanki lolote lisilokaguliwa. Jiko la presha huishia karibu 120°C, na likizibwa na nyuzi kwenye tundu la mvuke hulipuka. Kazi ya poliesta ipeleke kwenye kiwanda chenye mashine ya shinikizo na fundi wa boila mwenye cheti.

Sababu mbili adimu zaidi. Uzi unaweza kuwa na mafuta ya kusokotea yaliyobaki. Ufue kwa sabuni isiyo na kilainishi kwenye 60°C, suuza, jaribu tena. Au ni ile nailoni iliyotengenezwa makusudi ikatae madoa: imefungwa ncha zake za amini ili juisi na chai zisishike, kwa hiyo rangi ya asidi nayo haishiki. Hiyo hutiwa rangi ya kationiki.

IMESHIKA LAKINI HAIKUKOLEA

Usikimbilie kuongeza rangi. Chota kwanza maji ya sufuria baada ya kuchemsha, uyatie kwenye glasi nyeupe.

Maji yakiwa meupe au karibu meupe, uzi umemaliza rangi yote uliyoipa, yaani ulipima kidogo. Rangi hupimwa kwa uzito wa uzi mkavu: 2% maana yake ni gramu 20 kwa kila kilo. Nyeusi na bluu ya usiku kwenye nailoni huhitaji zaidi ya hapo, na fundi anayepima kwa kijiko hatapata rangi ile ile mara mbili.

Maji yakibaki na rangi nyingi, uzi ulikuwa na njaa lakini mazingira yamemzuia kula. Pima pH. Rangi za asidi kwenye nailoni hutaka 6 hadi 7 kwa zile nyepesi, na 4 hadi 5 kwa zilizokolea. Kama imekaa 7 na unatafuta maruni, ongeza asidi ya siki iliyozimuliwa, kidogo kidogo, uzi ukiwa umetolewa au umesogezwa pembeni, kisha uchemshe dakika 15 zaidi. Wengi hutumia salfeti ya amonia ili asidi ijitengeneze polepole, na ni njia nzuri, lakini nunua ile ya viwanda vya nguo. Mbolea ya SA ya dukani ina uchafu ambao hutaupenda kwenye zulia la rangi ya maziwa. Na kumbuka kwamba salfeti hiyo hushusha pH kwa kupoteza amonia hewani; ukifunika sufuria kabisa haitashuka, kwa hiyo fundi wa nyanda za juu aliyelazimika kufunika amalizie kwa siki.

Nyeusi inayotoka ya kijani au ya zambarau kwa kawaida ni mchanganyiko wa rangi ambazo hazikimbii kwa mwendo mmoja. Nafasi ndani ya nailoni ni chache. Rangi iliyowahi hukaa, iliyochelewa hubaki majini. Nunua nyeusi iliyotengenezwa kiwandani kama nyeusi, usichanganye nyekundu, bluu na njano ukitarajia zitakutana.

MABAKA NA MICHIRIZI

Hili ndilo tatizo linalokula faida kuliko mengine yote, kwa sababu zulia linakuwa limeshagharimu uzi, rangi, moto na siku nzima. Lisome kabla ya kuligusa. Litandaze juani, simama mbali kidogo, uangalie baka lina umbo gani.

Mabaka ya mawingu, yasiyofuata mstari wowote, yanatokana na namna ulivyotia rangi. Sababu kubwa ni kupandisha joto kwa pupa. Nailoni ianze kwenye 40°C na ipande kwa nyuzi moja kwa dakika. Akriliki ni kali zaidi: hadi 75°C hakuna linalotokea, fundi anaanza kuona rangi haifanyi kazi, anaongeza moto, na ghafla kati ya 80 na 95 uzi unameza rangi yote upande uliokuwa karibu na moto. Kwenye kipande hicho cha joto panda nyuzi moja kwa kila dakika mbili au tatu, na ugeuze uzi bila kuacha. Ukimaliza usimwage maji ya moto wala kutia ya baridi. Acha ipoe taratibu mpaka chini ya 60°C, la sivyo akriliki hujikunja na kupoteza ulaini wake.

Sababu ya pili ni kutia asidi mwanzoni, au kuimimina juu ya uzi. Ya tatu ni maji machache. Kilo moja ya uzi kwenye sufuria ya wazi inataka lita 20 hadi 30, na iweze kuogelea. Ya nne ni mafungu yaliyofungwa kwa kukaza. Chini ya kamba utaona pete nyeupe. Funga kwa umbo la nane, legevu. Ya tano, uzi ulioingia mkavu: uloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni.

Mabaka ya mawingu yanatibika kama rangi yako ni ya asidi inayohama. Rudisha uzi kwenye maji safi, ongeza soda ashi kidogo kidogo ukipima mpaka pH ifike 8 au 9, tia dawa ya kusawazisha rangi kama unayo, chemsha dakika 30 hadi 40. Rangi itatoka palipojaa na kutafuta palipo wazi. Kisha shusha pH polepole kwa siki. Rangi za asidi zenye metali ndani yake hazihami hivyo, na jitihada hii itakuchosha bure.

Michirizi inayofuata urefu wa uzi au mstari wa mashine ni habari nyingine. Hapo nyuzi zenyewe zinatofautiana. Kuna nailoni mbili: nailoni 6.6, iliyotoka maabara ya Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935, na nailoni 6 ya Mjerumani Paul Schlack ya 1938. Kwa macho na kwa mkono huwezi kuzitenganisha, lakini nailoni 6 hupokea rangi haraka zaidi. Bobini moja ya 6 ikichanganyika na za 6.6, mstari wake utajitokeza kwenye zulia zima. Tofauti nyingine hutokea uzi unapotulizwa kwa joto ili usokoto usifumuke: uliotulizwa kwa mvuke, kama kwenye mashine za Superba, hukolea kuliko uliotulizwa kwa joto kavu, kama kwenye zile za Suessen. Hata shehena mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana.

Kagua kwa njia rahisi kabla ya kufuma. Kata sentimita 20 kutoka kila bobini, zifunge pamoja, zitie rangi moja nyepesi ya bluu kwenye sufuria ndogo. Bluu nyepesi haifichi kitu. Bobini inayojitenga iweke kando kwa kazi nyingine. Kazi hii ni ya saa moja na nusu na sijaona njia ya bei nafuu zaidi ya kuokoa zulia.

Michirizi ikishatokea kwenye zulia lililofumwa haifutiki. Unaweza kulifunika kwa rangi nzito, au kwa rangi nyepesi ukatumia za disperisi, ambazo hata kwenye nailoni hazijali sana tofauti za uzi, ingawa hazivumilii kufuliwa. Mwambie mteja ukweli huo kabla hajalipa.

INACHUJA, AU INAACHA RANGI KWENYE SOKSI

Sugua zulia mara kumi kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha kingine kilicholoana. Kikavu kikitoka na rangi, kuna rangi imekaa juu ya uzi kama vumbi. Kile cha majimaji tu kikitoka na rangi, rangi imo ndani lakini haijashikiliwa imara.

Anza na suuza. Zulia ni nene, na fundi anayesuuza mara mbili kama shati anajidanganya. Suuza kwa maji ya 40°C hadi 50°C mpaka yatoke meupe, halafu mara moja zaidi.

Sababu ya pili ni pakiti za rangi za nguo zinazodai kushika kila kitu. Ndani yake kuna rangi ya asidi na rangi ya pamba zilizochanganywa. Nailoni huchukua yake. Ile ya pamba hukaa juujuu na kutoka kwa mteja.

Nailoni iliyokolea sana inahitaji kufungwa kwa sintani, dawa ya kuzuia rangi isitoke, baada ya rangi: 2% hadi 4% ya uzito wa uzi, pH 4 hadi 4.5, joto 70°C hadi 80°C, dakika 20. Usiitangulize kabla ya rangi, maana itaziba njia.

Poliesta iliyokolea husafishwa kwa kostiki soda na haidrosi, gramu 2 za kila moja kwa lita, 70°C hadi 80°C, dakika 20, kisha suuza na siki kidogo. Rangi iliyobaki juu ya uzi huvunjwa, iliyo ndani haiguswi. Watu wa batiki wanazifahamu kemikali hizi, na pengine kwa kuzizoea wanazidharau. Haidrosi ikipata unyevu kidogo kwenye kopo hupata moto yenyewe na kutoa gesi inayokaba. Itunze kavu, kopo limefungwa, mbali na asidi. Kostiki hutiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, ukiwa na miwani na glovu.

Likitokea zulia la poliesta lililopita majaribio yote kisha likaanza kuacha rangi baada ya kupakwa lateksi mgongoni, chanzo ni joto la kukausha lateksi. Joto kubwa huisogeza rangi ya disperisi kutoka ndani kurudi juu. Punguza joto la kukaushia, au chagua rangi za disperisi zenye molekuli kubwa.

Kwa zabuni ya hoteli, msikiti au ofisi usitegemee kitambaa cheupe peke yake. Peleka sampuli kwenye shirika la viwango, TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), ipimwe uimara wa kusuguliwa, kufuliwa na mwanga kabla hujasaini.

RANGI YA LEO SI YA JANA

Linganisha ikiwa kavu, mchana, kivulini. Rangi mbili zinazolingana chini ya taa ya tyubu zinaweza kutengana dirishani. Kama tofauti ipo kweli, shuku maji. Tia rangi vifungu viwili vidogo, kimoja kwa maji unayotumia, kingine kwa maji ya mvua. Vikitofautiana, kisima chako kina chokaa au chuma. Ndoo nyeupe iliyolala na maji hayo usiku kucha ikiacha utando wa kahawia, ni chuma. Dawa za kufunga madini husaidia, ila zile kali kama EDTA huweza kung'oa metali iliyo ndani ya rangi zenye metali na kuibadilisha rangi yenyewe.

Unga mweupe kwenye poliesta ya rangi nzito kwa kawaida si chokaa. Ni mabaki ya poliesta yenyewe, yaliyoyeyuka kwenye 130°C na kuganda maji yalipopoa. Kiwanda kinachokutilia rangi kimwage maji yakiwa bado ya moto, kama mashine yao inaruhusu, na kifuatishe usafishaji wa haidrosi.

INAPAUKA, AU IMEINGIA MADOA MEUPE

Inayopauka upande wa dirisha ni jua. Hapo tatizo ni uchaguzi wa rangi, na zile za asidi zenye metali ndizo imara kuliko zote kwa nailoni. Inayopauka hata chumba kisicho na jua, hasa bluu na kijivu kugeuka wekunduwekundu, shuku ozoni. Hewa ya ozoni huhitaji joto na unyevu ili ipenye kwenye nailoni, na miji ya pwani ya Ghuba ya Mexico nchini Marekani ilisumbuliwa sana na hili. Anayeuza mazulia Mombasa, Tanga au Unguja aepuke bluu za disperisi kwenye nailoni na aulize kwa muuzaji uimara dhidi ya ozoni.

Doa jeupe au la njano lenye ukingo ni klorini ya jiki, au krimu za chunusi zenye benzoili peroksaidi. Hizo za krimu hukaa kimya mpaka unyevu uzifikie, ndiyo maana wenye nyumba huapa kwamba hakuna aliyemwaga kitu, na wanasema kweli.

Ukitaka kurudishia rangi doa la jiki, iue klorini kwanza au itakula na rangi mpya. Tumia sodiamu thaiosalfeti, ile ambayo wafugaji wa samaki huitia kwenye maji ya bomba, gramu 5 hadi 10 kwa lita, kisha suuza vizuri kabla ya kuleta rangi yenye asidi. Usimwage siki juu ya jiki kwa hali yoyote. Inatoka gesi ya klorini, na kwenye chumba kilichofungwa inaua. Ukisikia harufu kali inayochoma koo, toka nje na watu wote, usirudi kuokoa zulia. Aliyepumua na anaendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali.

KUCHAPA: KINGO ZINATAMBAA, AU MAUA HAYAFIKI CHINI

Matatizo haya mawili yanavutana, na fundi anayetibu moja bila kulitazama jingine atazunguka kutwa.

Kingo zikitambaa, sababu ya kwanza ni rangi yenye majimaji mno. Ongeza unga wa guari wa kuifanya iwe nzito, uukoroge na kuuacha saa kadhaa uvimbe, usiupime dakika tano baada ya kuutia. Ya pili ni zulia lililoloana kupita kiasi kabla ya kuchapwa. Liminywe hadi lisidondoke. Ya tatu ni matone yanayoanguka kutoka kwenye kifuniko cha chombo cha mvuke, kinachoshikisha rangi baada ya kuchapa. Tega kitambaa cha pamba au gunia safi chini ya kifuniko, na kifuniko kiinamie upande mmoja ili matone yateremke ukingoni. Ya nne ni kusubiri: zulia lililochapwa lipelekwe kwenye mvuke mara moja, bila kukunjwa.

Mizizi ya manyoya ikibaki myeupe, rangi ni nzito kama uji, au zulia liliingia kavu, au kibao cha kusukumia rangi kilipita mara moja tu. Lilowanishe kidogo kwa maji yenye dawa ya kupenyeza, pitisha kibao mara mbili kwa mwendo sawa, na kama ni zulia refu la manyoya marefu, kubali kwamba fremu ya skrini ina mwisho wake. Viwanda vikubwa vya Marekani na Ulaya vilihamia mashine zinazorusha rangi kwa matundu, kama Millitron na Chromojet, kwa sababu hiyo hiyo.

Ncha nyeupe na mizizi iliyokolea ni kinyume chake: rangi imeshuka kabla ya kushika, au ncha zilikauka kwa feni au jua kabla ya mvuke. Kaza guari, ondoa upepo.

Rangi ikitoka yote kwenye suuza, mvuke haukutosha. Nailoni hutaka mvuke uliojaa unyevu wa 100°C hadi 102°C, dakika 5 hadi 8 kwa mashine ya kiwanda. Pipa la karakana hupoteza joto, na kule nyanda za juu mvuke wake wa wazi haufiki 95, kwa hiyo hesabu dakika 20 au zaidi baada ya mvuke kuanza kutoka kwa nguvu. Mvuke ulio mkavu kupita kiasi nao haufai. Maji yaliyo kwenye rangi hukauka kabla haijaingia ndani ya uzi.

KUCHAPA POLIESTA KWA MASHINE YA JOTO

Wenye mashine za kuchapa fulana na vikombe sasa wanachapa vizulia vya mlangoni na miswala. Picha ikitoka hafifu, hakikisha kwanza ni poliesta. Polipropilini huyeyuka karibu 165°C, na kuibana kwa 200°C ni kuharibu zulia na mashine kwa pamoja. Kwenye poliesta tumia 195°C hadi 205°C, sekunde 45 hadi 60, ukianza na kubana bila karatasi sekunde chache ili unyevu utoke.

Picha yenye kivuli pembeni ina maana karatasi ilisogea wakati wa kufungua. Ibandike kwa tepu ya joto. Manyoya yakilala, punguza mgandamizo na uyasugue kwa brashi yakiwa bado na mvuke. Weupe ukigeuka njano, joto limezidi: pima sahani kwa kipimajoto cha nje katika pembe zote nne na katikati, usiamini namba ya kwenye skrini. Pembe zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10, waya wa ndani umeanza kufa. Chomoa mashine ukutani na umwite fundi umeme. Usiifungue ikiwa ya moto, na usiendelee na oda ukitumaini itafika mwisho wa wiki.